Nani alimuuliza binti wa Amer?

*Ndoa ya Akbar na binti wa Kirajput imetazamwa na mamilioni kama hadithi ya mapenzi. Kumbukumbu za mwaka 1562 zinasimulia mkataba wa wanaume, na zinanyamaza penye swali moja.*

Na Mwandishi Wetu

IJUMAA ya tarehe 15 Februari 2008 filamu ya Jodhaa Akbar ilianza kuonyeshwa India na katika nchi nyingi za nje. Jaipur, mji mkuu wa jimbo la Rajasthan, hapakuwa na onyesho. Vyama vya Warajput vilikuwa vimeapa kuipinga, na wenye majumba ya sinema wa jimbo lile wakaona heri kuiacha kuliko kuvunjiwa vioo. Majimbo mengine yaliyojaribu kuipiga marufuku yalizuiwa na Mahakama ya Juu ya India.

Sasa Rajasthan ndiko kwa bibi harusi. Ngome ya Amer alikolelewa iko kilomita 11 hivi kutoka Jaipur. Watu wa kwao hasa ndio waliokosa kumwona akiolewa.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Ashutosh Gowariker, ni hadithi ya wawili waliooana bila kutakana. Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, anaoa kwa ajili ya siasa. Binti anaolewa kwa sababu baba yake amekwama. Wanalala mbalimbali, wanakwepana, wanafika hata kupigana kwa panga uani. Kisha taratibu, katika picha inayokwenda saa tatu na nusu, Hrithik Roshan na Aishwarya Rai wanapendana, na mtazamaji anatoka ukumbini macho yamelowa.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuhitaji kufundishwa kupenda hadithi ya namna hii. Filamu za Kihindi zimetulea tangu siku za Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyojaza kumbi za Unguja na bara. Nyimbo zake zikaingia kwenye taarabu, zikavishwa maneno yetu. Leo tamthilia za Kihindi na Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ziko sebuleni kila jioni, na mkasa unaorudiwa mno ni huu huu: wameozwa, hawapatani, mwisho hawaachani hata kwa dawa.

Na hapo hapo sebuleni kuna binti aliyeletewa posa asiyoitaka. Anaambiwa na shangazi, na mama mkubwa, na jirani: "Utampenda tu, mwanangu. Mapenzi huja mkishakuwa ndani."

Kwa hiyo ugomvi wa Rajasthan ni wetu pia. Nimeufuatilia nikiwa na swali moja ambalo pande zote zilizogombana hazikulipa nafasi: huyu binti wa 1562, nani alimuuliza?

Harusi kando ya ziwa la chumvi

Januari 1562 Akbar alikuwa na miaka 19. Alikalia kiti cha ufalme akiwa na miaka 13, baada ya kifo cha baba yake Humayun, na kwa miaka minne dola iliendeshwa na mlezi wake, Bairam Khan. Mwaka 1560 akamwondoa mlezi huyo. Sasa alitoka Agra kwenda Ajmer kulizuru kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, safari ya kwanza kati ya nyingi alizokuja kuzifanya huko.

Amer ilikuwa dola ndogo ya Warajput wa ukoo wa Kachhwaha, na mtawala wake, Raja Bharmal, alikuwa amebanwa pande mbili. Ndani ya ukoo, Suja, mtoto wa kaka yake, alidai kiti ni chake. Nje, gavana wa Mughal wa upande ule, Sharafuddin Husain, alikuwa amemtoza mali na kuchukua mateka watatu: mtoto wa Bharmal mwenyewe na watoto wawili wa ndugu zake.

Bharmal akakutana na Akbar njiani, Sanganer. Akatoa utii, na pamoja na utii akamtoa binti yake. Akbar akakubali, akaendelea na ziara yake. Aliporudi, mwezi Februari, harusi ikafungwa Sambhar, mji ulio kando ya ziwa kubwa la chumvi.

Hesabu ya mkataba inasomeka wazi. Mateka waliachiwa. Gavana aliambiwa akae mbali. Suja hakutikisa tena kiti. Bhagwant Das, mtoto wa Bharmal, na kijana Man Singh wakaingia katika utumishi wa mfalme, na Man Singh akaja kuwa mmoja wa majemadari wakubwa wa dola. Akbar naye alipata mlango wa kuingilia nchi ya Warajput bila kupiga kombora. Kila mwanamume aliyetajwa katika kisa hiki aliondoka na kitu mkononi.

> Kila mwanamume aliyetajwa katika kisa hiki aliondoka na kitu mkononi. Binti hakutajwa hata jina.

Abul Fazl, mwandishi wa Akbarnama, alikisimulia kisa hiki kwa fahari ya upande wa mfalme. Kuhusu binti, hakuna sentensi inayosema alilia, alicheka, aliuliza au alikataa.

Hakuna pia inayosema Akbar alisita. Huyu hakuwa kijana wa filamu anayechungulia pazia kwa haya. Tayari alikuwa na wake, akiwemo Ruqaiya, binti wa ami yake, na Salima, mjane wa yule yule Bairam Khan. Kusita kwa bwana harusi, na kusita kwa bibi harusi kama tunavyokuona kwenye picha, vyote viwili ni kazi ya mwandishi wa filamu.

Lakini tusikimbilie kusema basi binti aliridhika. Ni lazima tujue kukataa kulikuwa na bei gani. Ukoo wa Sisodia wa Mewar haukuinamia ufalme wa Akbar wala haukumpa mke. Oktoba 1567 majeshi yake yaliizingira ngome yao ya Chittor, na ilipoanguka Februari 1568, wanawake wa ngome walikuwa wamejichoma moto ili wasitekwe, na maelfu ya watu waliobaki ndani waliuawa kwa amri ya mfalme. Walikuwepo wakulima waliokimbilia humo kujificha. Hayo yalikuja miaka sita baada ya harusi ya Sambhar, lakini nguvu zilizoyafanya zilikwishakuwepo Bharmal aliposimama Sanganer. Baba aliyekuwa na mateka mikononi mwa gavana alizijua.

Nyumba aliyoingia

Filamu inaijaza Agra mapazia ya hariri na njiwa. Miezi mitatu baada ya harusi, Mei 1562, ndani ya nyumba hiyo ya kifalme palitokea jambo hili.

Adham Khan, mtoto wa Maham Anga aliyekuwa mlezi wa Akbar tangu uchanga, aliingia na watu wake mahali waziri Ataga Khan alipokuwa ameketi kwa shughuli za serikali, na waziri akauawa pale pale. Akbar alikuwa amelala upande wa wanawake. Akaamshwa na kelele, akatoka, akakutana na Adham Khan barazani, akamwangusha kwa ngumi, akaamuru atupwe chini kutoka ghorofani. Alipoonekana bado anapumua, alipandishwa tena akatupwa mara ya pili. Mama yake, Maham Anga, hakumaliza miezi miwili naye akafa.

Tukio hili limo ndani ya filamu, na limepigwa vizuri. Ninalolitafuta mimi ni lile ambalo kamera haikulipa muda: msichana mgeni, lugha ya nyumba haijui vizuri, dini ya nyumba si yake, anasikia mtu akitupwa mara mbili. Huenda hapo ndipo mume wake alipomwonyesha kwa mara ya kwanza ghadhabu yake ilivyo.

Hata hivyo nyumba hiyo ilimwachia kitu kikubwa. Hakulazimishwa kubadili dini. Ushahidi wetu bora unatoka kwa mtu aliyelichukia jambo hilo, Badayuni, mwanachuoni wa barazani kwa Akbar aliyeandika historia yake kwa siri. Analalamika kwamba mfalme tangu ujanani alikuwa akiwasha moto wa ibada ya Kihindu ndani ya makazi ya wanawake kwa ajili ya wake zake. Adui anapolalamika namna hiyo, huwa amelithibitisha.

Mwaka 1563 Akbar alifuta kodi iliyotozwa mahujaji wa Kihindu. Mwaka 1564 akafuta jizya, kodi ya raia wasio Waislamu. Wapenzi wa hadithi hii humpa mke sifa zote. Mimi ningependa iwe hivyo, lakini siwezi kuiandika kama habari. Mfalme mwenye majemadari wa Kirajput, mashemeji wa Kirajput na raia wengi Wahindu alikuwa na sababu zake za kutosha. Kwamba mke alikuwa mojawapo ya sababu hizo, inawezekana kabisa.

Jina lililofunga sinema

Ugomvi uliozuia filamu Rajasthan ulikuwa juu ya jina. Vyama vya Warajput vilisema Jodha hakuwa mke wa Akbar. Alikuwa mke wa mwanawe, Jahangir.

Kwenye jina, walikuwa na hoja. Maandishi ya wakati wa Akbar hayamtaji mke aitwaye Jodha. Binti wa Amer anafahamika kwa cheo chake, Mariam-uz-Zamani, Mariamu wa zama zake. Maandishi ya baadaye yanamwita Harkha Bai, mengine Hira Kunwari. Binti wa Jodhpur, Jagat Gosain, aliolewa na Jahangir na kumzaa Shah Jahan, na yeye ndiye mwenye haki zaidi ya jina hilo.

Mkanganyiko huo wengi humbebesha James Tod, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha historia ya Rajasthan kati ya 1829 na 1832. Waongoza watalii wa Fatehpur Sikri wakauendeleza, na jumba kubwa la wanawake katika mji ule bado linaitwa la Jodha Bai. Halafu mwaka 1960 ikaja Mughal-e-Azam ya K. Asif, ambamo malkia huyo anaitwa Jodha. Filamu ikishapendwa kiasi kile, jina halitoki tena.

Gowariker alilijua tatizo hilo mapema. Filamu yake inatanguliza tamko kwamba kuna maoni tofauti kuhusu jina. Halikutosha.

Kilichoniuma katika ugomvi ule ni namna ulivyogombaniwa. Waliopinga walizungumzia heshima ya ukoo: binti ni wa nani, aliolewa na nani, jina lake lisichafuliwe. Waliotetea walizungumzia sanaa na umoja wa Wahindu na Waislamu. Pande zote mbili zilimshika mkono mmoja mmoja. Hakuna chama kilichofunga barabara kikidai kujua kama aliridhia kuolewa.

> Walifunga barabara kwa ajili ya jina lake. Ridhaa yake haikufungiwa hata kichochoro.

Masharti mawili ya Jodhaa

Gowariker, kwa upande wake, alihisi penye pengo, na akaliziba kwa njia ya mtunzi. Katika filamu, kabla ya ndoa kufungwa, binti anamwita mfalme hemani na kumpa masharti mawili: abaki na dini yake, na ajengewe mahali pa kuabudia ndani ya ngome. Mfalme anatoka na kuyatangaza mbele ya wote.

Ni onyesho zuri, na naelewa kwa nini limo. Mtazamaji wa mwaka 2008 asingevumilia kuona mwanamke anakabidhiwa kwa jeshi huku amenyamaza, kisha atakiwe kufurahia mahaba yao. Ili tumpende Akbar, ilibidi kwanza amsikilize mtu. Mtunzi alimpa binti sauti ambayo waandishi wa mfalme hawakumpa.

Wako wanaosema hili ni jema: historia imewanyima wanawake maneno, acha sanaa iwarudishie. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine inanikwama, kwa sababu sauti hii ya kubuni inatuliza dhamiri mapema mno. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba ndoa ya mkataba, hata iliyofungwa chini ya jeshi, hubeba ndani yake mlango wa mazungumzo. Msichana anayeambiwa "utampenda tu" anaonyeshwa Jodhaa kama ushahidi, na ushahidi wenyewe umetungwa.

Wanahistoria wamekwenda njia nyingine. Ruby Lal, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu maisha ya nyumbani ya wafalme wa mwanzo wa Mughal, ameonyesha jinsi wanawake wa ukoo huo walivyokuwa wakitajwa kwa majina, wakisafiri na kushauri, na jinsi chini ya Akbar pazia lilivyoteremshwa hata mama wa mrithi akawa hatajwi jina. Agosti 1569 Salim, ndiye Jahangir, alizaliwa Sikri, na mwaka uliofuata baba yake akatembea kwa miguu kutoka Agra hadi Ajmer kushukuru. Kurasa zinaeleza safari hiyo ya miguu. Aliyebeba mimba anafunikwa kwa vyeo.

Mama mwenye meli

Sauti yake halisi inasikika miaka mingi baadaye, na inasikika bandarini.

Baada ya Akbar kufa mwaka 1605 na mwanawe kutawala, Mariam-uz-Zamani alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa na mawakala wake, muhuri wake, na amri zilizotoka kwa jina lake mwenyewe. Mojawapo imehifadhiwa hadi leo.

Bayana, kusini-magharibi ya Agra, kulikuwa na soko la nili, rangi ya buluu iliyotafutwa na dunia nzima. Wakala wake alikuwa akinunua shehena ya kupeleka Mocha, bandari ya Yemen. Mwingereza William Finch akapandisha bei akamnyang'anya mzigo. Malkia akamshitakia mwanawe. Haukupita muda mrefu William Hawkins, mjumbe wa Waingereza aliyekuwa na nafasi nzuri barazani, akajikuta hana nafasi tena, na mwaka 1611 akaondoka Agra. Yalikuwepo mambo mengine yaliyomwangusha, lakini nili ya Bayana ilikuwemo.

Halafu kuna Rahimi. Ilikuwa meli yake, miongoni mwa kubwa kabisa katika maji ya Surat, bandari ya India ya magharibi, na ilichukua bidhaa pamoja na mahujaji wanaokwenda Makka. Mwanamke aliyelelewa katika ibada za Kihindu, aliyebaki nazo kwa mumewe, alimiliki chombo kilichowapeleka Waislamu Hija. Mwaka 1613 Wareno waliiteka Rahimi karibu na Surat, ingawa ilikuwa na kibali chao, wakaipeleka Goa pamoja na abiria mamia kadhaa.

Hao ni Wareno wale wale waliokuwa wamejenga Fort Jesus, Mombasa, miaka ya 1590, na waliotaka kila chombo cha Bahari ya Hindi kisafiri kwa ruhusa yao. Manahodha wa pwani yetu waliijua vyema ruhusa hiyo.

Safari hii walimgusa mama wa mfalme. Jahangir alisimamisha biashara yao Surat, akafunga kanisa la Wajesuiti Agra, akaamuru ngome yao ya Daman izingirwe. Mwanahistoria Ellison Banks Findly ameitumia kesi ya meli hii kuonyesha kwamba ilisaidia kuwapa Waingereza nafasi waliyokuwa wakiitafuta.

Lahore kuna msikiti uliojengwa kwa jina lake kati ya 1611 na 1614. Kumbukumbu za Jahangir zinaeleza jinsi alivyomwendea mama yake kwa mashua na kumwinamia kwa adabu ya mtoto, na jinsi sherehe za ukoo zilivyofanyika nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1623. Kaburi lake liko Sikandra, karibu na la Akbar.

Je, alimpenda mume wake? Waliishi pamoja zaidi ya miaka 40. Miaka hiyo inaweza kubeba mapenzi, mazoea, heshima, chuki iliyopoa, au vyote kwa zamu. Mimi namwona vizuri zaidi kwenye nili na kwenye meli kuliko hemani Sambhar.

Yasmin hakungoja

Fasihi yetu imewahi kuijibu hadithi hii kwa jibu kali. Katika riwaya ya Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja katika miaka ya ukoloni, anaozwa kwa Raza, mwenye duka anayeweza kuwa baba yake. Raza si mkatili, na hapo ndipo ufundi wa Shafi ulipo. Angemfanya Raza jitu la kupiga, msomaji angepata kisingizio. Shafi anamfanya mume anayejitahidi, na bado Yasmin hamtaki, na kutomtaka kunatosha.

Anatoroka. Watu wake wanamfungia mlango. Ng'ambo, kwa rafiki yake Mwajuma, ndiko anakopata pa kulala, na ndiko anakokutana na Denge, mpigania uhuru. Amil Shivji aliigeuza riwaya hii filamu mwaka 2021. Ilionyeshwa Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Vijana wengi wa kidato cha tano na sita wameisoma kwa ajili ya mtihani. Nawaomba waisome tena bila mtihani.

Hata ukiacha riwaya, desturi ya pwani haikuwa ya upande mmoja. Margaret Strobel aliyeandika kuhusu wanawake wa Mombasa, na Pat Caplan aliyeishi Mafia, wote wameeleza jambo ambalo bibi zetu hawakulificha: ndoa ya kwanza ilikuwa ya wazee, na aliyeachika, ya pili alijitafutia. Talaka haikumzika mtu. Ninapowasikia watu wakisema wazee wetu waliozwa na wakatulia, huwa nakumbuka kwamba wengi wao walitulia kwenye nyumba ya pili.

Wanaotetea posa ya wazazi wana maneno ya kusikilizwa. Wanasema mzazi huangalia asili, tabia, deni na maradhi ya ukoo, mambo ambayo mwenye mahaba hayaoni. Wanasema ndoa ya kujichagulia nayo inavunjika kila siku. Ni kweli, na sina ugomvi na mshenga wala na baba anayetafuta. Kutafutiwa mchumba na kulazimishwa mchumba ni mambo mawili, na mpaka kati yake ni jibu la anayeoa na anayeolewa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inalisema hilo waziwazi: ndoa haifungwi ila kwa hiari ya wote wawili. Sheria hiyo hiyo ikaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akiwekewa 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo. Hiari ya mtoto wa miaka 15 mbele ya baba, ami na mahari iliyokwishapokelewa ni hiari ya namna gani?

Maofisa wawili mlangoni

Kuna ukurasa mmoja wa historia ya Akbar ambao filamu haikuufikia, na ndio uliobadili namna ninavyomwangalia mtu huyu.

Katika Ain-i-Akbari, kitabu cha kanuni za dola yake kilichokamilishwa na Abul Fazl miaka ya 1590, kuna sehemu inayohusu ndoa. Inasema ridhaa ya bibi harusi na ya bwana harusi, pamoja na ruhusa ya wazazi, ni lazima. Inachukia kuoza watoto wasiobalehe. Inasema haimfai kila mtu kuoa zaidi ya mke mmoja. Badayuni, akilalamika kama kawaida yake, anaandika kwamba mvulana alizuiwa kuoa kabla ya miaka 16 na msichana kuolewa kabla ya 14. Waliwekwa maofisa wawili walioitwa tui-begi: mmoja achunguze habari za bwana harusi, mwingine za bibi harusi.

> Kanuni iliwataka wote wawili waulizwe. Sambhar, mwaka 1562, hapakuwa na ofisa wa kuuliza.

Kanuni na utekelezaji ni vitu viwili, na dola kubwa kama ile isingeweza kufika kila kijiji. Lakini mtu aliyemchukua binti wa Bharmal kama sehemu ya mkataba, aliyeivunja Chittor, alifika utu uzima akaamuru kwamba hata anayeolewa aulizwe. Kati ya 1562 na miaka ya 1590 alijifunza jambo, na alikuwa akiishi na wanawake ambao hawakuwahi kuulizwa.

Gowariker anaifunga filamu yake wakati wawili hawa bado ni vijana. Mtunzi mwingine atakayeirudia hadithi hii, iwe Mumbai au hapa kwetu, ningependa aifungulie hapo: Agra ya miaka ya 1590, mume na mke wamekula umri, nje waandishi wanaisoma kanuni mpya ya ndoa, na mama wa mrithi, ambaye lugha ya nyumba hiyo sasa anaijua kuliko wengi, anamgeukia mfalme kumuuliza ameitoa wapi.